Oili Hushuka: Kuziba Uvujaji wa Injini ya Gari la Zamani Nyumbani

Gari langu lilitengenezwa mwaka 1994. Injini yake ni ya petroli, silinda 4, na kabla halijawa langu lilikuwa la mama. Tangu nilijue limekuwa likiacha doa pale linapolala. Nilipoanza kulitunza mwenyewe nililala chini na tochi, nikakuta sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, imelowa oili pande zote, nikaamua hapo ndipo penye kosa. Nikanunua gasketi ya sampu, yaani kizibo chembamba kinachokaa kati ya vyuma viwili ili oili isipite. Jumamosi mbili zikaisha mgongo ukiwa sakafuni: nafungua bolti ndogo zilizojificha kila pembe, nakwangua gasketi kuukuu, napaka silikoni, nafunga. Wiki moja baadaye doa likarudi palepale, kwa ukubwa uleule.

Sampu haikuwa na kosa lolote. Oili ilikuwa inatoka juu kabisa, nyuma ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), upande unaotazama ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Ilikuwa inashuka ubavuni mwa bloku (mwili mkuu wa injini) polepole, inafika kwenye ukingo wa sampu, inauzunguka, na ndipo inadondoka.

Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye kutafuta kuliko kwenye kufunga. Kufunga gasketi ni kazi ya saa chache. Kujua ni gasketi ipi ndiyo kazi yenyewe. Shika jambo moja tangu mwanzo: oili hushuka kwa uzito wake, na gari likitembea upepo huisukuma kwenda nyuma. Tone unaloliona chini limetoka mahali palipo juu zaidi, na mara nyingi mbele zaidi, ya pale linapodondokea.

Hakikisha kwanza ni oili ya injini

Usiku, gari likiwa limeegeshwa pahali bapa, sukuma kipande kipana cha boksi la karatasi chini ya injini, kianzie usawa wa bampa na kifike karibu na miguu ya dereva. Chora kwa kalamu mahali magurudumu ya mbele yalipo, kisha andika tarehe. Mimi nina boksi tano za namna hiyo nilizozihifadhi, na zimenifundisha mengi kuhusu injini hii kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu macho husahau lakini karatasi haisahau.

Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi na huteleza ukiisugua kati ya vidole. Doa jekundu mara nyingi ni oili ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani wa pawa. Majimaji ya kijani, ya pinki au ya bluu ni ya rejeta. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu, baada ya kutumia kiyoyozi, si kosa. Ukiona majimaji mepesi ya manjano karibu na gurudumu, huenda ni ya breki: usiliendeshe gari hilo mpaka ujue.

Pima kiasi cha oili kwa kijiti chake, injini ikiwa imezimwa kwa dakika kama kumi, uandike ilipofika. Katika injini nyingi ndogo, kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita 1. Namba hiyo utaihitaji baadaye ili ujue kama kazi yako imefaulu. Na taa ya presha ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini pale unapoweza kusimama salama. Usijaribu kufika nyumbani kwanza.

Kabla hujaingia chini

Jeki ni ya kuinulia gari tu. Gari lililoinuliwa hukaa juu ya stendi, kwenye sakafu ngumu na bapa, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamezuiwa kwa mbao au mawe mazito, hendibreki ikiwa juu. Likishakaa kwenye stendi, lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika kwa namna isiyokupendeza, lishushe uanze upya. Tofali usitumie kabisa, hupasuka bila kukuonya.

Iache injini ipoe kabisa. Oili ya moto inachubua ngozi, na menifoldi ya ekzosi (bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini) hubaki na moto muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Vaa glovu, maana oili iliyotumika ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi ikigusa mwili mara kwa mara kwa miaka. Chomoa waya wa hasi wa betri.

Osha, kisha tafuta

Injini ya zamani iliyolowa haisomeki. Tope, vumbi na oili ya miaka kumi vimegandamana, na kila sehemu inaonekana kama inavuja. Funika kwa mifuko ya plastiki distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi), alteneta na mdomo wa kuvutia hewa. Nyunyizia dawa ya kuondoa grisi, iache ilainike kadiri maelezo ya kopo yanavyosema, sugua kwa brashi, kisha suuza kwa maji ya kawaida yasiyo na presha kubwa. Petroli usiitumie kusafishia. Mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu, na unafanya kazi juu ya kitu chenye nyaya. Mimi humalizia pembe ngumu kwa mswaki wa zamani na dawa ya kusafishia breki. Kazi hii huchukua asubuhi nzima na haionyeshi matunda siku hiyo. Ifanye hivyohivyo.

Injini ikishakauka, rudisha waya wa betri, endesha kilomita 15 au 20, egesha na ufungue boneti mara moja. Sasa tafuta mahali pa juu kabisa penye unyevu mpya. Si palipolowa zaidi, bali pa juu kabisa. Kwa sehemu zisizoonekana, washa taa ya simu, weka kamera kwenye video, uipitishe polepole nyuma ya injini iliyozimwa, kisha uangalie picha ukiwa umekaa. Hivyo ndivyo nilivyouona mstari mwembamba unaong'aa ukishuka kutoka pembe ya nyuma ya tapeti kava yangu, pembe ambayo kichwa changu hakifiki.

Kama bado huoni, pakaza poda ya mtoto kwa brashi laini kwenye sehemu unazozishuku zikiwa kavu, endesha tena kidogo, na poda itaonyesha oili ilipopita kama njia ya konokono. Kuna pia rangi maalumu inayochanganywa kwenye oili na kung'aa chini ya taa ya urujuanimno (UV). Inafaa sana pale panapovuja kidogo mno.

Kabla ya gasketi, angalia injini inavyopumua

Hapa ndipo watu wengi hubadilisha gasketi nzuri kwa gasketi nzuri nyingine na bado oili inatoka. Gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia chini kwenye chumba cha kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni. Injini hutakiwa kuitoa kupitia valvu ndogo ya PCV, ambayo kwenye magari mengi ya miaka hiyo imechomekwa kwenye tapeti kava na kuunganishwa kwa hozi na menifoldi ya hewa. Valvu ikizibwa na masizi, gesi hukosa njia, presha hupanda ndani, na oili husukumwa nje kupitia kila gasketi iliyochoka.

Ichomoe uitikise. Ikiwa nzima utasikia kitu kinagongagonga ndani. Irudishe, washa injini ikiwa sailensa (ikizunguka taratibu bila kukanyaga mafuta), fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke kipande cha karatasi juu ya tundu. Karatasi ikivutwa na kukaa, injini inapumua vizuri. Ikipeperushwa na kurushwa, valvu au hozi yake imeziba, au pistoni na ringi zake zimechoka sana. Valvu ni kitu kidogo cha bei ndogo, kwa hiyo mimi huibadilisha pamoja na gasketi bila kusita, na pete ya mpira inayoishika pia, kwa kuwa pete hiyo hukauka ikawa ngumu kama plastiki.

Gasketi ya tapeti kava

Kama gari lako ni la zamani na hulijui historia yake, huyu ndiye wa kumshuku kwanza. Yuko juu kabisa, anapikwa na joto la silinda hedi (kichwa cha injini kilicho juu ya bloku) kila siku, na mpira wake hugeuka kuwa mgumu. Gasketi niliyoitoa mimi ilivunjika vipande mkononi kama kijiti kikavu. Dalili nyingine ni harufu ya oili inayoungua ndani ya gari, hasa ukisimama baada ya mwendo mrefu, kwa sababu matone yanaangukia menifoldi ya ekzosi. Hiyo usiiache ikae. Oili juu ya chuma chenye moto mkali inaweza kuwasha gari.

Nunua seti nzima: gasketi kuu, sili (pete za mpira za kuzuia oili) za mashimo ya plagi kama injini yako inazo, na mipira inayokaa chini ya bolti za kava. Mipira hiyo midogo ikikakamaa, kava haikazwi sawasawa hata gasketi ikiwa mpya.

Injini ikiwa imepoa, chomoa tena waya wa hasi wa betri. Ziwekee waya za plagi namba 1 hadi 4 kwa utepe kabla ya kuzichomoa, na uvute kichwa cha waya, si waya wenyewe. Ukikuta oili ndani ya mashimo ya plagi, inyonye kwa tambara kabla ya kufungua plagi, la sivyo itaingia kwenye silinda. Toa hozi, sogeza nyaya za umeme na kebo ya eksileta zinazopita juu. Kwenye baadhi ya injini kifuniko cha juu cha mkanda wa taiming (unaounganisha mzunguko wa kranki na wa valvu) nacho lazima kilegezwe. Piga picha kila hatua, na picha ya mwisho iwe ya bolti ulizozipanga chini kwa mpangilio wa pale zilipotoka.

Kava ikigoma kutoka, igonge pembeni kwa mpini wa nyundo au kwa ubao. Usichomeke bisibisi kati yake na silinda hedi. Alumini huchimbika, na mkwaruzo mmoja tu ni njia mpya ya oili.

Sasa inafuata sehemu inayoamua kila kitu, yaani kusafisha nyuso mbili zinazokutana. Ziba matundu ya kurudishia oili kwa matambara safi, uyahesabu. Mimi huweka matatu, na huandika 3 kwenye mkono wa glovu. Kwangua masalia kwa kipande cha plastiki ngumu au cha mbao. Diski za kusugulia za mashine usizilete karibu, maana chembe zake huingia kwenye oili na kula beringi za kranki. Futa kwa tambara lenye dawa ya breki mpaka tambara litoke jeupe, pitisha kidole kikavu ukingo wote, na ukihisi kitu chochote, rudia. Kama kava ni ya bati, ilaze juu ya kioo bapa uone kama imepinda. Bolti zilizokazwa kupita kiasi huacha midomo iliyobonyea, na midomo hiyo hunyooshwa kwa kugongwa taratibu juu ya kipande cha mbao.

Gasketi mpya ya mpira hukaa kavu ndani ya mfereji wa kava. Usiipake silikoni pande zote. Itateleza itoke kwenye mfereji, na silikoni iliyozidi huminywa ndani, hukatika na inaweza kuziba kichujio cha pampu ya oili. Silikoni inahitajika pale tu ukingo ulionyooka unapokutana na nusu duara la kamshafti (shafti inayofungua valvu), kwenye pembe. Tone la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo linatosha kila pembe. Uvujaji wangu ulianzia kwenye pembe kama hiyo, ambayo mtu aliyetangulia aliisahau.

Toa matambara, hesabu matatu. Teremsha kava wima bila kuiburuta. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, ndipo ukaze, ukianzia katikati na kwenda nje kwa kupishana, kwa raundi mbili au tatu. Nguvu inayotakiwa ni ndogo kuliko unavyodhani. Katika injini nyingi ni kati ya nyutoni mita 6 na 10. Tafuta namba ya injini yako kwenye kitabu chake na utumie rencha ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kama unaweza kuipata. Kama huna, shika racheti karibu na kichwa chake badala ya mwisho wa mpini, na uache pale bolti inapokita. Kukaza zaidi hakuzibi. Kunaipasua gasketi, kunaipinda kava, au kunakula meno ya bolti ndani ya alumini, na hapo kazi ya mchana mmoja inakuwa ya wiki.

Isubiri silikoni kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kuwasha injini. Nyingi hutaka hadi saa 24 kukomaa kabisa. Niliacha gari usiku kucha.

Wengine wa kuwashuku

Pete ya mpira ya distributa, kama gari lako linayo, huvuja mwishoni mwa silinda hedi na huonekana kama kosa la tapeti kava. Weka alama ya rangi kati ya distributa na hedi kabla ya kuifungua, na urudishe alama kwa alama, vinginevyo taiming ya cheche itahama.

Swichi ya presha ya oili, hicho kidude kidogo chenye waya mmoja kilichofungwa kwenye bloku, kiangalie kwa kuchomoa waya wake. Ukikuta oili ndani ya soketi, swichi imekufa na hakuna kukaza kutakakoisaidia. Ukifunga mpya, usiizungushie utepe mwingi kwenye meno, kwa sababu swichi ya waya mmoja hupata hasi yake kupitia meno hayohayo, na taa inaweza kuacha kufanya kazi.

Kama uvujaji ulianza ghafla baada ya kubadilisha oili, usitafute mbali. Mpira wa filta ya zamani huwa umeng'ang'ania kwenye bloku na filta mpya ikafungwa juu yake, na mipira miwili haizibi. Paka mpira mpya oili kidogo, zungusha kwa mkono, na ukishagusa ongeza robo tatu ya mzunguko au kama ilivyoandikwa kwenye filta. Bolti ya kumwagia oili nayo inataka washa mpya ya shaba au alumini kila inapofunguliwa. Na uangalie usiwe umejaza kupita alama ya juu.

Oili inayotoka nyuma ya puli ya kranki, au ndani ya kifuniko cha mkanda wa taiming, ni ya sili za mbele. Mkanda wa mpira ukilowa oili huharibika, na kwenye baadhi ya injini ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kazi hiyo niliifanya mara moja tu, wakati mkanda wenyewe ulipofika muda wa kubadilishwa, nikiwa na kitabu cha injini hiyo wazi mbele yangu. Ikiwa hujawahi kufunga mkanda wa taiming, mwachie fundi.

Sili ya nyuma ya kranki ni ya fundi moja kwa moja, kwa sababu lazima giaboksi ishushwe. Dalili yake ni oili inayodondoka pale injini inapoungana na giaboksi, na wakati mwingine klachi inayoteleza. Ila kabla hujakubali kuambiwa ni sili hiyo, osha na utafute kama nilivyoeleza, kwa sababu oili ya nyuma ya tapeti kava hushuka na kudondokea mahali palepale. Nimeona mtu akishusha giaboksi kwa uvujaji uliokuwa wa kava.

Kuhusu dawa za kuchanganya kwenye oili ili kuzuia kuvuja: hulainisha mpira uliokauka na kuuvimbisha kidogo, kwa hiyo zinaweza kupunguza jasho la sili ya zamani kwa muda. Gasketi iliyopasuka haziigusi. Sioni sababu ya kuzitumia kwa kitu unachoweza kukifikia kwa racheti.

Siku zinazofuata

Rudisha waya wa betri, washa injini na uiache sailensa kwa dakika kumi huku ukipitisha tochi ukingo wote wa kava. Moshi kidogo kutoka kwenye ekzosi mwanzoni ni mabaki ya oili ya zamani yanayoungua. Ukiendelea zaidi ya dakika chache, zima uangalie tena. Pima oili, jaza kilichopungua. Oili na matambara machafu viweke kwenye chombo kinachofungwa uvipeleke panapokusanywa oili chafu. Usivimwage ardhini wala kwenye mtaro.

Usikimbilie kukaza tena gasketi ya mpira baada ya siku chache. Ile ya koki (gome kama la kizibo cha chupa) ndiyo hujilaza na kuhitaji kuguswa mara ya pili, injini ikiwa baridi.

Baada ya kilomita 100 weka boksi jipya, chora magurudumu, andika tarehe. Langu lilitoka kavu pale katikati, palipokuwa na doa tangu siku za mama. Lilikuwa na tone moja, dogo, upande wa kushoto karibu na mwisho wa silinda hedi. Nimeshapitisha kamera: ni pete ya distributa, na mpya ipo tayari kwenye droo.